Mashine Tulifundishwa, Kalamu Je?

Tunduma haina uhaba wa hadithi. Malori yanapanga foleni kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Mawakala wa forodha wanakimbizana na makaratasi, wabadilisha fedha wanahesabu kwacha na shilingi, na Wanyamwanga wanaishi pande zote mbili za mpaka ambao hawakuuchora wao. Kijana wa hapa akitaka kuyageuza haya kuwa filamu, atahitaji mtu wa kumfundisha. Lakini amfundishe nini hasa? Katika nchi yetu swali hilo lina umri wa takriban miaka 90.

Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham walianzisha mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, kwa msaada wa fedha za Carnegie Corporation ya Marekani. Kufikia 1937 walikuwa wametengeneza filamu zipatazo 35, kuhusu mambo kama akiba ya posta, kodi, malaria na safura. Picha zenyewe zilikuwa bubu. Maelezo yalirekodiwa kwenye santuri kwa lugha mbalimbali, zikiwamo Kiswahili, Kibemba na Kinyanja, na lori lenye projekta likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia Kaskazini, yaani Zambia ya leo.

Waafrika walioajiriwa Vugiri walijifunza kazi kwa vitendo. Walisaidia kusafisha filamu, waliendesha mashine, waliigiza. Lakini nani awe mjinga katika hadithi, nani awe mwerevu, na mwisho uwe na funzo gani, hayo waliyaamua wenye mradi. Kijana wa kijijini aliingia kwenye picha kama mtu wa kurekebishwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, mafunzo yalipata darasa rasmi. Mwaka 1948 Colonial Film Unit ya Uingereza ilifungua shule ya filamu Accra, ikaanza na wanafunzi wachache kutoka Gold Coast na Nigeria. Mkuu wa kitengo hicho, William Sellers, aliamini kwamba mtazamaji wa Kiafrika anahitaji picha za polepole, zisizorukaruka wakati wala mahali, la sivyo hataelewa. Kwa hiyo mwanafunzi alipewa ufundi wa kweli, na ndani yake akafungiwa dharau dhidi ya watu wake mwenyewe. Hata hivyo, ufundi ukishaingia mkononi haumtii tena aliyeutoa. Sam Aryeetey, mmoja wa wanafunzi wa Accra, baadaye aliongoza No Tears for Ananse (1968), filamu iliyotokana na ngano za kwao.

Huku kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 1950, kampuni moja ya Afrika Kusini ilitengeneza filamu za Kiswahili Tanganyika. Katika Muhogo Mchungu aliigiza Rashidi Kawawa, mtumishi wa ustawi wa jamii aliyekuwa pia akifanya kazi na sinema ya kuzunguka vijijini. Mwaka 1962 mwigizaji huyo akawa Waziri Mkuu. Nchi ilipata kiongozi aliyejua nguvu ya picha mbele ya umati, na mwaka 1968 serikali ikaanzisha Kampuni ya Filamu Tanzania. Denmark ilisaidia kujenga taasisi ya mafunzo ya picha na sauti, na wengine walikwenda kusoma nje. Martin Mhando, aliyesomea Romania, alirudi na kuongoza Yomba Yomba mwaka 1985. Zaidi ya muongo mmoja baadaye, yeye na Mmarekani Ron Mulvihill waliongoza Maangamizi (2001), filamu ya kwanza ya Tanzania kuwasilishwa kuwania Oscar.

Mafunzo hayo yote yalikuwa mbali na mji wa mpakani. Kwa wengi, darasa lilikuwa kibanda cha video. Humo watazamaji walimsikiliza Lufufu akizitafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili. Yeye hakusoma maneno ya bwana mkubwa kama ilivyokuwa kwenye santuri za Vugiri. Aliongeza utani, akaeleza nia za wahusika, akaivuta hadithi hadi mtaani kwetu. Aliyekaa kwenye benchi alijifunza wapi watu hucheka na wapi hunyamaza, ingawa hakupewa cheti.

Mwaka 2004 Mira Nair, mwongozaji mzaliwa wa India, alianzisha Maisha Film Lab jijini Kampala kwa ajili ya vijana wa Afrika Mashariki. Mpangilio wa mambo uligeuka. Mwombaji huja na skripti yake, na mtaalamu aliyebobea huketi naye kuipitia upya. Mwalimu anaweza kutoka popote, lakini hadithi ni ya mwanafunzi tangu ukurasa wa kwanza.

Hicho ndicho kipimo ninachokipendekeza kwa kila semina itakayofika Songwe. Kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900, kwa hiyo mafunzo yakija yatapokelewa kwa mikono miwili, na ni rahisi kutosheka na siku tatu za kushika kamera. Kamera ifundishwe, tena vizuri. Lakini Vugiri nao walifundisha mashine. Mtaalamu anayestahili nauli ni yule atakayesoma kurasa za kijana kuhusu wakala wa forodha, kisha amuulize: huyu anataka nini kabla jua halijazama, nani anamzuia, na akikosa atapoteza nini? Majibu yanajulikana Tunduma. Mtaalamu aulize, kisha asubiri yaandikwe.