The Chieftains: Miaka 40 Ndani ya Albamu Moja

Mwaka 2002 kundi la muziki wa asili wa Ireland liitwalo The Chieftains lilitimiza miaka 40, likatoa albamu ya mkusanyiko, The Wide World Over. Jamani, ukisoma majina ya walioshirikishwa humo unaweza kudhani umeokota santuri ya watu wengine: Sinéad O'Connor, Van Morrison, The Corrs, Ziggy Marley. Sasa wenye kundi wako wapi?

Nauliza kwa sababu kundi hili lilianza bila mwimbaji. Ndiyo, bila mwimbaji! Lilianzishwa Dublin mwaka 1962 na Paddy Moloney, mpiga zumari la Kiayalandi. Zumari hilo halipulizwi kwa mdomo kama lile la Waskoti. Mpigaji huketi, akabana mfuko wa hewa kwapani na kuujaza kwa mivukuto midogo anayoisukuma kwa kiwiko cha mkono wa pili. Jina lake lenyewe, uilleann, linatokana na neno la Kiayalandi lenye maana ya kiwiko.

Wenzake wa mwanzo walipiga filimbi, fidla na bodhrán, ngoma ya duara inayofanana na dufu la kwetu pwani. Kadhaa kati yao walikuwa wamepitia kundi la Seán Ó Riada, mtunzi msomi aliyeona kwamba muziki wa kuchezea dansi jikoni vijijini unaweza pia kusikilizwa kwa utulivu ukumbini, ala moja ikiingia na nyingine ikipumzika. Leo wazo hilo linaonekana dogo. Wakati ule vijana wengi wa mijini waliuona muziki huo kama mambo ya shamba, wao wakitaka bendi za magitaa na suti zinazong'aa.

Tena hawa hawakuwa mastaa. Moloney alikuwa mhasibu katika kampuni ya vifaa vya ujenzi, na muziki ulipigwa baada ya saa za kazi. Ni mwaka 1975 tu walipoacha ajira zao na kuishi kwa muziki. Mwaka huohuo walijaza ukumbi wa Royal Albert Hall, London, na muziki wao ukasikika katika filamu ya Barry Lyndon ya Stanley Kubrick. Piga hesabu mwenyewe: kutoka 1962 hadi 1975 ni miaka 13, karibu theluthi ya ile 40 inayosherehekewa.

Hapo ndipo ninapogombana na albamu hii. Mizani yake imeelemea kwenye miaka ya ujiko. Anayeisikiliza leo bila kujua historia ataamini kwamba muziki huu ulisimama kwa hisani ya majina makubwa ya pop. Ukweli ni kinyume: majina makubwa yalifuata kitu kilichokwisha kusimama.

Sisemi wageni wote ni mapambo. Sinéad O'Connor katika The Foggy Dew, wimbo wa maasi ya Dublin ya Pasaka 1916, anaimba habari za kwao, na zumari linamsindikiza kama mzee anayeijua habari yote. Redemption Song ya Bob Marley nayo, ikiimbwa na mwanawe Ziggy juu ya ala za Ireland, nilitarajia iwe kichekesho. Haikuwa. Nchi hizo mbili zilitawaliwa na Mwingereza yuleyule, labda ndiyo maana inakaa vizuri.

Mwaka wa albamu hiyo mpiga fidla Martin Fay alistaafu, na Oktoba mpiga kinubi Derek Bell, mzaliwa wa Belfast, alifariki dunia akiwa Marekani. Sherehe ikageuka kuwa kwaheri ya kikosi kile. Moloney naye alifariki Oktoba 2021, akiwa na miaka 83. Mwaka 2023 wakafuata Seán Keane wa fidla na Sinéad mwenyewe.

Ukiipata, isikilize yote. Kisha tafuta ile albamu yao ya kwanza kabisa, iliyotolewa na kampuni ndogo ya Claddagh mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wamo watu watano tu, na hakuna mgeni hata mmoja.