Yaspi: Jina Lilelile, Jiwe Jingine

Ufunuo sura ya 21 unaulinganisha mwanga wa Yerusalemu mpya na yaspi iliyo angavu kama bilauri. Sasa nenda kwa muuza vito, mwombe yaspi. Atakupa jiwe jekundu, la kahawia au la manjano, ambalo hata ukilielekeza kwenye jua la saa sita halipitishi mwanga. Nani katudanganya?

Nadhani hakuna. Jina ndilo lililohama. Pliny, Mrumi aliyefariki mwaka 79 Vesuvius ilipolipuka, aliandika kwamba yaspi ni ya kijani na mara nyingi hupitisha mwanga. Karne zilivyokwenda, jina likabaki kwa silika isiyopitisha mwanga, iliyotiwa rangi na madini ya chuma. Watafsiri wetu wakalipokea jina, na msomaji wa leo analisoma huku ana jiwe jingine kichwani. Ndiyo maana mimi jina peke yake siliamini. Nataka na ushahidi.

Ushahidi uko kwenye mishipa, ile mistari myeupe inayolikata jiwe. Yaspi ilipasuka, maji yenye madini yakapita kwenye nyufa, yakaacha mzigo wake humo. Kwa hiyo mshipa ni mdogo kiumri kuliko jiwe ulilolikata. Hoja hiyohiyo ndiyo iliyomfurahisha James Hutton mwaka 1785 kule Glen Tilt, Uskoti, alipoona mishipa ya matale imepenya kwenye miamba mingine. Wengi wakati huo waliamini matale ndiyo miamba ya kwanza kabisa duniani. Mishipa ikawakatalia.

Ukiwa na jiwe lako, anza na kisu. Yaspi halisi haikwaruziki kwa kisu cha kawaida, bali yenyewe hukwaruza kioo. Kisha jaribu mshipa. Ukigoma nao, huenda ni kwarzi. Ukikwaruzika, kusanya unga wake uudondoshee siki. Ukitoa povu, hiyo ni kalsiti, madini yaleyale ya mawe ya chokaa. Mishipa ikikatana, tazama upi umepita katikati ya mwenzake bila kukatika: huo ndio uliokuja mwisho.

Wauzaji wengine huiita mishipa hiyo kasoro na kukupunguzia bei. Pokea punguzo, funga mdomo. Umeuziwa historia ya jiwe kwa bei ya jina.