Sekunde 33 juu ya bahari ya Abidjan

Jumapili, 30 Januari 2000, muda mfupi baada ya saa tatu usiku, ndege ya Kenya Airways, safari namba 431, iliruka kutoka Abidjan, Ivory Coast, ikielekea Lagos na kisha Nairobi. Ilikuwa Airbus A310, ndani watu 179. Ilikuwa ndiyo kwanza imeiacha ardhi king'ora kikalia: mbawa zinaishiwa nguvu, ndege itaanguka.

King'ora kilidanganya. Mbawa zilikuwa na nguvu, ndege inapanda. Lakini rubani msaidizi, aliyeshika usukani, alisukuma pua chini, na mbele yake ilikuwa Atlantiki, giza tupu, bila taa wala upeo wa macho wa kumwonyesha kwamba sasa anashuka kweli. Akaagiza kelele ile izimwe. Mtambo wa kuonya kwamba ndege inakaribia ardhi au maji nao ulikuwa na onyo lake la kutoa, onyo la kweli, ila king'ora cha uongo kilipewa nafasi ya kwanza. Nahodha alipoagiza ndege ipandishwe, muda ulikuwa umekwisha. Tangu kuruka hadi kugonga maji zilipita sekunde 33. Walipona watu 10.

Mtego huu, wa onyo moja kuteka akili za wote hadi urefu ukasahaulika, ulikuwa umejulikana miaka 27 kabla. Usiku wa 29 Desemba 1972, ndege ya Eastern Air Lines kutoka New York ilikaribia Miami, taa moja ndogo ya gurudumu la mbele ikakataa kuwaka. Marubani walipanda hadi futi 2,000, wakauachia mtambo wa kujiendesha kazi ya kuirusha ndege, wote wakaishughulikia taa ile. Mtambo ukaacha kuushika urefu bila wao kutambua, ndege ikateremka taratibu hadi kwenye vinamasi vya Everglades. Walikufa watu 101. Gurudumu lilikuwa limeshuka vizuri; kilichoharibika ni balbu.

Ajali ya Everglades ni miongoni mwa zilizozaa mafunzo ya marubani kufanya kazi kwa pamoja, yaliyoanza kushika kasi baada ya kikao kilichoitishwa na NASA mwaka 1979. Kiini chake ni mgawanyo wa kazi: mmoja arushe ndege na asiguse kingine, mwenzake ashughulikie hitilafu, na wa chini awe na ruhusa ya kumkatiza mkubwa.

Huku Kitendaguro, kama Bukoba nzima, Tanzania, nasi tuna msiba wetu. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air kutoka Dar es Salaam iliingia Ziwa Victoria ikija kutua katika hali mbaya ya hewa; walikufa 19 kati ya watu 43, na wavuvi ndio waliotangulia kuokoa. Siifananishi na ya Abidjan, maana hapa hapakuwa na king'ora cha uongo. Ila naumia ninaposikia ajali yoyote ya ndege ikifungwa kwa maneno mawili, "rubani alikosea". Yule rubani msaidizi wa Abidjan alifanya lile ambalo rubani hufundishwa tangu mwanzo: mbawa zikiishiwa nguvu, shusha pua. Swali lenye faida kwa abiria wa kesho ni nani alikuwa anatazama kipimo cha urefu wakati masikio ya wote yamejaa kelele, na kama aliwahi kufanyishwa zoezi la kutoliamini onyo karibu na ardhi, gizani.