Majina ya vilima na mito: kutoka Nyamahanga hadi Benaco

Ukisoma orodha ya kata za Biharamulo, Nya- itakuchosha ulimi: Nyamahanga, Nyabusozi, Nyamigogo, Nyakahura, Nyantakara, Nyarubungo. Ingia Ngara, unazikuta Nyamiyaga, Nyakisasa na Nyamagoma. Katika lugha za ukanda huu, yaani Kihangaza, Kisubi, Kizinza na ndugu zao Kirundi na Kinyarwanda, kiambishi hicho humtaja mwenye kitu au mahali penye kitu. Nyamiyaga ni penye pepo. Nyamigogo ni penye magogo. Nyabusozi lina musozi ndani yake, yaani mlima. Na Nyamahanga? Likivuliwa Nya- linabaki mahanga, ambayo kwa Kirundi ni nchi za watu, ugenini.

Waliotoa majina haya walitazama ardhi kwa macho ya mchungaji na mkulima. Bugarama ni mfano mzuri. Kugarama ni kulala chali, na jina hilo lipo Ngara, lipo Burundi, lipo Rwanda. Anayehama na ng'ombe wake akilisikia, huenda asihitaji kuelezwa zaidi kwamba huko aendako ardhi imejilaza.

Mito nayo ina habari zake. Ruvuvu, ambao ng'ambo, Burundi, huandikwa Ruvubu, jina lake limetokana na imvubu, kiboko. Mto huo hukutana na Nyabarongo na kuzaa Kagera, kisha maji yanashuka Rusumo. Isumo ni maporomoko, kwa hiyo sisi tunaosema "maporomoko ya Rusumo" tunasema jambo moja mara mbili, na hakuna anayetucheka.

Mwaka 1861 walipita hapa wavumbuzi John Hanning Speke na James Augustus Grant. Walikatiza Usui, ndivyo misafara ya pwani ilivyoiita Rusubi, nchi ya mtawala Suwarora, wakafika Karagwe. Huko waliona ziwa dogo, na kwa pendekezo la Grant wakaliita Little Windermere, kwa kuwa lilimkumbusha ziwa Windermere la Uingereza. Cha ajabu, Grant alikuwa Mskoti wa Nairn, mji ambao kwa Kigaeli huitwa Inbhir Narann, yaani mlango wa mto Nairn. Kwao nako majina yalitungwa kwa kutazama ardhi na maji, kama huku, lakini ugenini akachomoa jina la mbali. Mwaka 1876 mvumbuzi mwingine, Henry Morton Stanley, naye akaubatiza Kagera "Alexandra Nile", kwa heshima ya Alexandra, mke wa mrithi wa kiti cha ufalme wa Uingereza. Majina yote mawili yalibaki vitabuni. Kagera ulibaki Kagera, na baada ya vita vya Tanzania na Uganda vya 1978–79 mkoa wa Ziwa Magharibi ukachukua jina la mto huo.

Jina la kigeni lililoshika lilikuja bila sherehe. Kampuni ya Italia iliyojenga barabara iliitwa Benaco, na kambi yake huku Ngara ikaitwa hivyo hivyo. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wa Rwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakawekwa hapo. Ghafla Benaco likawa jina la kuulizia ndugu, maji na chakula cha mgawo. Kambi ilifungwa mwaka 1996, lakini madereva wa malori ya Kigali bado wanasimama Benaco.