Msimamo wa Ligi kama Ushahidi wa Kihistoria: Mfano wa Timu za Ruvu

Katika maandishi mengi kuhusu soka la Tanzania, msimamo wa ligi huchukuliwa kuwa ushahidi usiohitaji mjadala: timu iliyoshuka daraja huhesabiwa kuwa ilikuwa dhaifu. Makala hii inajadili timu mbili za Jeshi la Kujenga Taifa zilizobeba jina la Ruvu, yaani Ruvu Shooting ya Mlandizi, Kibaha, na JKT Ruvu, ambayo baadaye iliitwa JKT Tanzania. Hoja kuu ni kwamba takwimu za msimamo haziwezi kufasiriwa bila kanuni za msimu husika.

Mfano wa kwanza ni thamani ya ushindi. Uingereza ilianza kutoa alama 3 kwa ushindi mwaka 1981; Kombe la Dunia la 1994 likafuata, na FIFA ikaueneza utaratibu huo mwaka 1995. Kabla ya hapo ushindi ulikuwa na alama 2. Tuchukulie ligi ya mechi 30. Timu ya kwanza imeshinda 8, imetoka sare 10 na imefungwa 12. Ya pili imeshinda 10, sare 5 na imefungwa 15. Kwa kanuni ya zamani, ya kwanza inaongoza kwa alama 26 dhidi ya 25. Kwa kanuni mpya, ya pili inaongoza kwa 35 dhidi ya 34. Hakuna mechi iliyobadilika. Kilichobadilika ni kipimo. Anayeathirika zaidi ni timu iliyojengwa juu ya ulinzi na subira.

Mfano wa pili ni ukubwa wa ligi. Msimu wa 2018/19 Ligi Kuu ilikuwa na timu 20. Msimu wa 2020/21 zilikuwa 18, na uliofuata 16. Ili kufikia idadi hiyo, timu 4 zilishushwa moja kwa moja mwishoni mwa 2020/21, JKT Tanzania ikiwa miongoni mwao, ilhali msimu wa 2018/19 zilishuka moja kwa moja 2 tu. Ruvu Shooting, kwa upande wake, ilishuka mwishoni mwa 2022/23 ikiwa katika nafasi mbili za mwisho, ambazo zingeishusha chini ya utaratibu wowote kati ya hizo. Msimu huohuo JKT Tanzania ilipanda.

Kwa hiyo, neno "kushuka" linaficha matukio mawili yasiyolingana: moja lilitokea wakati mlango wa kutokea ulipopanuliwa kwa makusudi, jingine halikuhitaji msaada wa kanuni. Mtafiti anayeyaweka katika safu moja ya jedwali hulinganisha visivyolinganika. Hivyo, kanuni za kila msimu zinastahili kuhifadhiwa pamoja na msimamo wake, kwani bila hizo historia ya timu za kambini itaandikwa na hesabu ambazo hakuna atakayekumbuka zilivyokokotolewa.