Ofiri na Sofala: Mji wa Dhahabu Uliozaliwa na Jina

Kitabu cha Kwanza cha Wafalme chasimulia kwamba merikebu za Mfalme Sulemani, zikiendeshwa pamoja na mabaharia wa Hiramu wa Tiro, zilikwenda Ofiri na kurudi na talanta 420 za dhahabu. Msimulizi hakueleza Ofiri iko wapi. Kimya chake kilizaa hekaya. Kwa karne nyingi wasomi waliitafuta Ofiri Uarabuni, wakaitafuta Uhindi, na hatimaye wakaileta katika pwani ya Afrika Mashariki, kwenye bandari ya Sofala iliyo katika Msumbiji ya leo.

Sofala ilikuwa na dhahabu ya kweli. Al-Masudi aliitaja katika karne ya 10. Ibn Battuta, alipofika Kilwa mwaka 1331, alisimuliwa habari za dhahabu iliyoletwa Sofala kutoka bara. Wachimbaji walikuwa watu wa nyanda za juu zilizo kati ya mito Zambezi na Limpopo. Dhahabu yao iliteremshwa hadi Sofala, ikapakiwa vyomboni kuelekea Kilwa, na utajiri wa biashara hiyo ukaonekana katika Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman.

Wareno walipojenga ngome yao Sofala mwaka 1505, baadhi yao walikwisha kuamini kwamba wamefika Ofiri. Hoja yao kubwa ilikuwa ya kilugha. Katika tafsiri ya kale ya Kiyunani ya Agano la Kale, jina Ofiri mara nyingine huandikwa likiwa na s mwanzoni. Nasi tunajua jinsi r na l zinavyobadilishana mahali katika vinywa vya watu. Hivyo Sofira ikawa Sofala. Padre João dos Santos, katika kitabu chake cha mwaka 1609, aliongeza mlima Fura, ambao nao uliitwa Afura, akaona mwangwi wa Ofiri humo pia. Mwaka 1667 John Milton, katika utenzi wake Paradise Lost, alizitaja Mombasa, Kilwa na Malindi, kisha Sofala pamoja na dhana hiyo ya Ofiri. Tangu hapo hekaya ikawa na heshima ya ushairi mkuu.

Kama ingeishia katika ushairi, isingemdhuru mtu. Lakini mwaka 1871 Mjerumani Karl Mauch alifika kwenye maboma ya mawe ya Zimbabwe Kuu, bara ya Sofala. Alikata kipande cha mti uliokuwa juu ya mlango, akaona harufu yake yafanana na ya mti wa penseli yake, akahukumu kwamba ni mwerezi wa Lebanoni. Kutokana na harufu hiyo akakisia kwamba jengo lile lilihusiana na Malkia wa Sheba. Wakoloni waliofuata mwaka 1890 waliipenda hadithi hii, kwa kuwa iliwafanya wenyeji waonekane wapangaji katika nyumba isiyo yao.

Madhara yake yalikuwa mazito. Mwaka 1895 iliundwa kampuni yenye kibali cha kutafuta dhahabu katika magofu ya nchi hiyo. Vito na mapambo ya kale yakayeyushwa na kuuzwa kwa uzani. Katika Zimbabwe Kuu yenyewe, Richard Hall, aliyekabidhiwa kuitunza kuanzia mwaka 1902, aliondoa tabaka za udongo akiziona ni takataka za Waafrika zilizofunika kazi ya wageni. Aliyoyatupa yalikuwa ndiyo ushahidi wa wajenzi.

Mwaka 1905 David Randall-MacIver alichimba na kuthibitisha kwamba majengo ni ya Waafrika, nayo ni ya zama za kati. Gertrude Caton-Thompson alifikia uamuzi huohuo mwaka 1929. Hata hivyo, utawala wa walowezi uliendelea kuilea hekaya mpaka miaka ya 1970.

Kwetu sisi wapenzi wa lugha, hapa pana funzo. Jibu lilikuwa ndani ya jina la mahali penyewe. João de Barros, katika maandishi yake ya mwaka 1552, alikwisha kueleza kwamba wenyeji waliliita jengo la namna hiyo Symbaoe, na kwamba kwao neno hilo ni makao ya mfalme. Maelezo yanayojulikana zaidi leo hulitoa jina Zimbabwe katika Kishona, dzimba dza mabwe. Mswahili hahitaji mkalimani: nyumba za mawe.

Mtu aweza kuuliza: je, nasi hatufanyi kosa lilelile la kufuata sauti? La. Ofiri na Sofala ni majina mawili yaliyokutanishwa na masikio ya wasafiri, bila sarufi inayoyaunganisha. Dzimba dza na nyumba za hupatana kwa ngeli. Mabwe na mawe hubeba kiambishi kimoja cha wingi. Ukiendelea utakuta munhu na vanhu kando ya mtu na watu, na moyo ukiwa moyo kotekote. Huo ni undugu wa lugha, nao hurudiarudia kwa kanuni. Mfanano wa bahati hutokea mara moja na kuishia hapo.

Katika Zimbabwe Kuu iliokotwa sarafu ya shaba yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa. Thamani yake ya fedha ni ndogo mno, lakini yatuonyesha waliofika pale kwa biashara na waliowapokea. Wote walikuwa na majina, na majina hayo hayakuhitaji kuazimwa kwa Sulemani.