Kifundo cha Mkono Katika Plasta

Mtu ajikwaapo hutanguliza mkono, na uzito wa mwili wote hukielemea kiganja. Aghalabu uvunjikao ni ule mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole gumba. Mwaka 1814 Abraham Colles, tabibu wa Dublin katika Ayalandi, alieleza kwamba huvunjika kiasi cha inchi moja na nusu juu ya kifundo, na kipande cha chini husukumwa nyuma. Alitegemea macho na vidole vyake, kwani eksirei haikugunduliwa hata mwaka 1895.

Kuurudisha mfupa mahali pake ni kazi moja; kuuzuia usiponyoke tena ni kazi nyingine. Zamani waliufunga kwa magango. Kisha, mwaka 1852, Antonius Mathijsen, daktari wa jeshi la Uholanzi, alitangaza bandeji iliyopakwa unga wa jasi, ambao ukiloweshwa huganda ukawa mgumu kama jiwe. Sasa tabibu aliweza kuugandisha mkono kwa namna yoyote apendayo, na hapo ndipo matata yalipoanza.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Frederic Cotton wa Boston, Marekani, alifundisha kwamba kifundo kikunjwe sana kuelekea kiganjani, na kipindwe upande wa kidole cha mwisho. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi: mkono ukivutwa hivyo, kano za nyuma hukazika zikakizuia kipande kisiteleze. Lakini jaribu mwenyewe, msomaji. Kunja kifundo chako kabisa, kisha fumba ngumi. Vidole havifumbiki sawasawa. Nawe fikiri kukaa hivyo majuma kadha wa kadha! Tena ndani ya kifundo mna njia nyembamba, ambamo kano za vidole hupita pamoja na mshipa wa fahamu uendao kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati. Mkono uliovimba ukikunjwa mno, mshipa huo husongwa, na vidole huingia ganzi. Mfupa waweza kuunga vizuri, na mkono usifae kushika hata kalamu.

Kwa hiyo kukunja kule kuliachwa. Siku hizi kifundo hukunjwa kidogo tu, au huachwa kimenyoka. Wako pia waliotetea kukiinua nyuma kidogo, na ubishi huo haujaisha. Mfupa usiotulia ila kwa kukunjwa mno hufungwa kwa vyuma. Plasta nayo hukomea kiganjani, chini ya mashina ya vidole, na mgonjwa huambiwa avichezeshe tangu siku ya kwanza, hata vikiuma.